Namna ya Kushindwa Chupuchupu Msimu Mzima

Kushindwa hakuhitaji mwongozo. Timu yoyote mbovu inaweza kupigwa 52 kwa 7, ikarudi bwenini, ikaoga na kulala usingizi wa haki. Kushindwa chupuchupu ni jambo jingine kabisa. Huko kunataka vijana wenye misuli, kocha mwenye jina, mashabiki wenye imani, na ujuzi wa kufanya kila kitu sawasawa isipokuwa kile kimoja. Kufanya hivyo mara moja ni ajali. Kufanya hivyo mara tisa katika msimu wa michezo kumi na miwili ni ubingwa, na kama ubingwa huo haujatengenezewa kombe, ni kwa sababu waliopaswa kulitengeneza walichelewa kwa sekunde chache.

Mwongozo huu ni wa kocha, mkurugenzi wa michezo au mwanafunzi yeyote wa chuo anayetamani kufikia kiwango hicho. Mwalimu wetu ni Chuo Kikuu cha Nebraska kilichoko Lincoln, katikati ya mashamba ya mahindi ya Marekani, ambacho timu yake ya futiboli ya Kimarekani, Cornhuskers, ilifundisha somo zima mwaka 2021. Ilishinda michezo 3, ikapoteza 9. Katika hiyo tisa, miwili ilipotea kwa pointi 3, mmoja kwa 5, minne kwa 7, mmoja kwa 8, na ule uliokuwa kipigo kikubwa kuliko vyote, kwa 9. Jumlisha mwenyewe: pointi 56. Sasa shika kichwa. Jumamosi moja ya Oktoba mwaka huohuo, Nebraska hiyohiyo iliifunga Northwestern 56 kwa 7. Pointi zote zilizokosekana katika vipigo tisa zilikuwepo, ila zilimwagwa zote siku moja kwa mtu ambaye theluthi yazo tu ingemtosha.

Haya hayatokei kwa kubahatisha. Msimu mzima Nebraska ilifunga pointi 335 na kufungwa 272. Anayesoma jumla peke yake atadhani anasoma habari za timu iliyofuzu. Fuata hatua zifuatazo, nawe utafika.

Kwanza, hesabu

Kwa msomaji aliyelelewa na soka, mambo yako hivi. Mpira ukifikishwa kwenye ukanda wa mwisho wa mpinzani ni tachidauni, pointi 6. Baada yake timu hupiga teke la nyongeza la pointi 1, au hujaribu kuuingiza mpira tena kwa pointi 2. Teke la kupitisha mpira kati ya nguzo katikati ya mchezo ni pointi 3. Ukikamatwa na mpira ndani ya ukanda wako mwenyewe, mpinzani anapata pointi 2 za bure, kisha anapewa na mpira wenyewe. Kwa hiyo tofauti ya pointi 8 au pungufu ni shambulizi moja tu. Nebraska ilipoteza michezo minane ndani ya mpaka huo. Ule wa tisa ulivuka mpaka kwa pointi moja, pengine kwa adabu tu, kwa kuwa mgeni siku hiyo alikuwa Ohio State.

Mahitaji

Historia tukufu. Bila historia hakuna maumivu, na bila maumivu kushindwa chupuchupu ni kushindwa tu kama kwingine. Nebraska ilikuwa bingwa wa taifa mwaka 1970, 1971, 1994, 1995 na 1997. Wazazi waliyaona kwa macho yao. Watoto wamesimuliwa mpaka masikio yameota sugu.

Uwanja usiojua kukata tamaa. Memorial Stadium huchukua watu zaidi ya 85,000, na hesabu ya michezo ambayo tiketi zake ziliisha inaanzia 1962. Sensa ya 2020 ilikuta jimbo zima lina watu wasiofika milioni mbili, ndiyo maana wenyeji hupenda kusema kwamba siku ya mchezo uwanja huo ndio mji wa tatu kwa ukubwa, nyuma ya Omaha na Lincoln yenyewe. Usijaribu fani hii mbele ya viti vitupu. Kushindwa chupuchupu pasipo mashahidi ni uvumi.

Mwana wa nyumbani. Scott Frost alizaliwa na kulelewa jimboni humo, akawa kwotabeki, yaani mwendesha mashambulizi, wa kikosi kilichotwaa ubingwa wa 1997. Mwaka 2017 alikiongoza chuo cha Central Florida kumaliza msimu bila kupoteza hata mchezo mmoja, ushindi 13 kati ya 13. Mcheza kwao hutuzwa: Nebraska ikamrudisha nyumbani kwa mkataba wa miaka saba, dola milioni 5 kila mwaka. Mgeni ukimchoka unamfukuza. Mwana wa nyumbani unamvumilia, unamwombea, unamtetea kwenye harusi na misiba.

Ratiba ya mawe. Tafuta wapinzani wakubwa. Ukishindwa chupuchupu na mnyonge watu watakuuliza maswali. Ukishindwa chupuchupu na mkubwa watakupa pole, na pole hujenga.

Hatua ya kwanza: fungua msimu kwa nuksi ndogo

Nyota njema huonekana asubuhi, na nyota mbaya vilevile, basi amka mapema. Nebraska ilianza tarehe 28 Agosti 2021, kabla ya vyuo vingi kuingia uwanjani, dhidi ya Illinois iliyokuwa na kocha mpya katika mchezo wake wa kwanza. Mchezo ulipangwa kuchezwa Dublin, Ireland, ila korona ikaurudisha kwao Illinois. Usihuzunike. Dublin itakuja mbele.

Zingatia ufundi wa ufunguzi. Illinois ilipiga mpira mbali, ukamfikia mpokeaji wa Nebraska jirani kabisa na mstari wake wa mwisho. Mtu asiye na malengo angeuacha upite. Yeye aliudaka, akajikuta anasukumwa nyuma, akajaribu kuutupa, na waamuzi wakawaandikia Illinois pointi 2 za bure. Kabla ya mapumziko kwotabeki wa Nebraska akadondosha mpira, ukaokotwa na kurudishwa yadi 41 hadi tachidauni. Matokeo: 30 kwa 22. Tofauti ya shambulizi moja, ndiyo kanuni yenyewe.

Tazama sasa kilichofuata, kwa sababu wanafunzi wengi huharibu hapa. Nebraska haikuanguka. Iliifunga Fordham 52 kwa 7 na Buffalo 28 kwa 3. Lazima katikati ya vipigo uweke ushindi mnono, ili mashabiki waone kwamba uwezo upo. Mgonjwa asiyepata nafuu hata siku moja huzoeleka, ndugu wakapunguza kuja kumtazama.

Hatua ya pili: dharau mateke

Futiboli ya Kimarekani ina vikosi vitatu: cha kushambulia, cha kulinda, na cha mateke. Viwili vya kwanza hupata magazeti na nyimbo. Cha tatu huonekana mara chache, hufanya kazi dakika chache, na hakuna mtoto anayelala akiota kukichezea. Basi kisahau. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mwaka 2021 Nebraska ilijenga kuta za kutosha kuzungushia shamba.

Somo la kwanza lilitolewa nyumbani kwa Oklahoma, tarehe 18 Septemba. Nebraska ilifunga tachidauni, ikajipanga kwa lile teke la nyongeza la pointi 1 ambalo kwa kawaida ndiyo nafasi ya watu kwenda kununua soda. Oklahoma ikaliziba teke, ikauokota mpira na kuukimbiza mpaka upande wa pili wa uwanja: pointi 2 kwa Oklahoma. Wakubali wasikubali, Nebraska ilitoka kwenye tachidauni yake ikiwa imemfungia mpinzani. Mwisho ulikuwa 23 kwa 16.

Somo la pili lilifuata wiki moja baadaye, East Lansing, dhidi ya Michigan State. Hili lifundishwe vyuoni. Kikosi cha ulinzi cha Nebraska kilicheza kipindi cha pili bila kuwaruhusu wenyeji kusogea hata yadi kumi mfululizo zinazotakiwa ili kuendelea na mpira. Nebraska ilikuwa mbele 20 kwa 13, dakika zimebaki nne hivi. Ikabidi ipige mpira mbali ili kuusukuma mchezo ukingoni. Mpango ulikuwa kupiga kulia, na vijana wote wakakimbilia kulia kwa utii wa kupigiwa mfano. Mpira ukaenda kushoto. Huko kushoto alikuwepo mtu mmoja tu, Jayden Reed wa Michigan State, akauokota na kukimbia yadi 62 akiwa peke yake. Sare, 20 kwa 20. Tutairudia sare hiyo.

Somo la tatu lilitunzwa kwa siku ya kufunga shule, Ijumaa ya baada ya Sikukuu ya Shukrani, dhidi ya majirani wa Iowa. Nebraska iliongoza 21 kwa 6. Iowa ikapunguza hadi 21 kwa 9, kisha ikaliziba teke la Nebraska na kuuingiza mpira, kisha teke la pointi tatu, kisha pointi 2 za bure ndani ya ukanda wa Nebraska, kisha tachidauni. Pointi 22 mfululizo. Mwisho 28 kwa 21. Anayedai kwamba alama zinazotokana na mateke hazina maana apewe karatasi ya mchezo huo aihesabu polepole.

Hatua ya tatu: cheza vizuri kupita kiasi

Hapa ndipo penye ugumu. Ili ushindwe chupuchupu na timu kubwa ni lazima uwe karibu kuifunga, na kuwa karibu kuifunga kunataka kazi ya kweli. Tarehe 9 Oktoba Michigan ilikuja Lincoln ikiwa haijapoteza mchezo, nayo msimu huo ingekuja kuwa bingwa wa ligi yao. Nebraska iliongoza 29 kwa 26 robo ya nne. Michigan ikasawazisha. Zikiwa zimebaki dakika mbili hivi na mpira uko mikononi mwa Nebraska, kwotabeki Adrian Martinez alijaribu kupenya, akanyang'anywa. Michigan ikapiga teke lake: 32 kwa 29.

Wiki baada ya wiki mambo yakajirudia kwa nidhamu. Minnesota 30 kwa 23. Purdue 28 kwa 23, siku ambayo pasi nne za Nebraska zilinaswa na wapinzani. Ohio State 26 kwa 17, wakati Ohio State hiyo ndiyo ilikuwa ikiongoza taifa zima kwa wastani wa pointi za kufunga. Wisconsin 35 kwa 28. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, lakini mwenzetu huyu aliteleza kila Jumamosi, na kila Jumamosi alikuwa amefika juu kabisa.

Usimlaumu Martinez kupita kiasi. Sehemu kubwa ya msimu alicheza na taya lililovunjika. Tena kisa chake kina onyo kwa kila anayetaka kudumisha fani: usimruhusu mgonjwa aende kutafuta tiba nje. Mwaka uliofuata kijana huyo alihamia Kansas State, akarudi kwenye uwanja uleule wa Oklahoma, akafunga tachidauni nne kwa miguu yake na kushinda 41 kwa 34. Pointi saba. Tofauti ileile iliyoiangusha Nebraska pale mwaka mmoja kabla, ila safari hii imegeuzwa upande. Mchezaji ni yuleyule; kilichobadilika ni jezi.

Hatua ya nne: jitenge na sare

Adui mkubwa wa kushindwa chupuchupu si ushindi. Ni sare. Sare inakuja wakati umeshamaliza kazi yote ya kupoteza, inakugawia nusu ya heshima, halafu mashabiki wanarudi nyumbani wasijue walie au wacheke. Kwa bahati nzuri wenzetu wa Marekani walishaliona tatizo, na tangu 1996 futiboli ya vyuo vikuu haina sare. Mkilingana, kila timu hupewa mpira yadi 25 kutoka kwenye mstari wa mpinzani, na mnaendelea mpaka mmoja alie.

Zamani haikuwa hivyo, na historia imejaa watu walioharibiwa na sare au kuokolewa nayo. Novemba 1966, Notre Dame na Michigan State, timu mbili bora za nchi, zilikutana East Lansing. Zilikuwa 10 kwa 10, na Notre Dame ilikuwa na mpira dakika za mwisho. Kocha Ara Parseghian akaamuru vijana wake wakimbize saa badala ya kukimbiza ushindi. Alitukanwa nchi nzima. Wiki iliyofuata akaifunga Southern California 51 kwa 0, na wapiga kura wakampa ubingwa wa taifa.

Mwaka 1968, Harvard na Yale walikutana kila mmoja akiwa hajapoteza mchezo. Yale iliongoza 29 kwa 13, zikiwa zimebaki sekunde 42. Harvard ikafunga pointi 16 katika sekunde hizo. Gazeti la wanafunzi wa Harvard likatangaza kwa herufi kubwa kwamba Harvard imeifunga Yale, 29 kwa 29. Uchunguzi wa hesabu haujawahi kuikanusha habari hiyo kwa mtu yeyote wa Harvard.

Lakini shujaa wa hatua hii anatoka Nebraska. Tarehe 2 Januari 1984, kwenye Orange Bowl huko Miami, Nebraska ya kocha Tom Osborne ilikuwa haijapoteza mchezo na ilikuwa namba moja. Zikiwa zimebaki sekunde 48 ilifunga tachidauni, ikawa nyuma ya Miami kwa pointi moja tu, 31 kwa 30. Teke moja la nyongeza, lile la kwenda kununua soda, lingeleta sare ya 31, na wengi waliamini sare ingetosha kumpa Osborne ubingwa, kama ilivyompa Parseghian. Osborne akakataa. Alitaka pointi 2 na ushindi kamili. Pasi ikaguswa na mkono wa mlinzi, ikaanguka. Miami bingwa. Osborne alisubiri mpaka msimu wa 1994 kupata ubingwa wake wa kwanza.

Ukimlinganisha na Parseghian utapata nguzo ya falsafa yetu: mmoja alikubali nusu akapewa yote, mwingine alitaka yote akanyimwa hata nusu. Na bado ukienda Nebraska hadi leo, Osborne anaheshimiwa kwa pasi ile iliyoanguka pengine sawa na kwa vikombe. Kushindwa chupuchupu kwa heshima ni urithi, na urithi haukataliwi.

Sasa turudi East Lansing, Septemba 2021, uwanja uleule wa Notre Dame na ile 10 kwa 10. Nebraska ina 20, Michigan State ina 20, saa imekwisha. Kwa sheria ya Parseghian wangepeana mikono na kupanda basi. Kwa sheria mpya wakaongezwa muda, Nebraska ikapewa mpira kwanza, pasi ikanaswa, Michigan State ikapiga teke, 23 kwa 20. Sheria iliyowekwa kuwaondolea watu karaha ya sare ilikuwa imewaandalia Nebraska kipigo kipya kabisa kisichokuwepo zamani. Maendeleo ni kitu kizuri.

Kama unahofia kwamba muda wa nyongeza utakuchosha, jifunze kwa Illinois, walewale wa Agosti. Wao na Wisconsin ndio waliocheza sare ya mwisho ya ngazi ya juu ya vyuo, 3 kwa 3, mwishoni mwa Novemba 1995. Oktoba 2021 wakaenda Penn State na kucheza vipindi tisa vya nyongeza, rekodi, mpaka wakashinda 20 kwa 18. Vipindi tisa! Nebraska ilihitaji kimoja.

Hatua ya tano: jifunze kuzungumza baada ya mchezo

Uwanja ukishafungwa kazi ya pili huanza, mbele ya vipaza sauti. Kariri maneno haya kabla msimu haujaanza. Tumecheza vizuri, bahati haikuwa upande wetu. Ni makosa madogo madogo. Vijana wamejituma. Tunarudi uwanja wa mazoezi kuyafanyia kazi. Usitaje kosa lolote kwa jina, maana kosa likishapata jina litadaiwa dawa. "Madogo madogo" ndiyo istilahi ya kitaalamu: madogo kiasi kwamba hayastahili mkutano, na mengi kiasi kwamba hayawezi kuhesabiwa.

Maneno haya yana nguvu ya fedha. Timu iliyofungwa mara tisa kwa pointi thelathini thelathini ingekuwa imeshamfukuza kocha kabla majani ya vuli hayajaanguka. Nebraska haikumfukuza. Novemba 2021, baada ya kipigo cha Ohio State, mkurugenzi wa michezo Trev Alberts alitangaza kwamba Frost anabaki. Mshahara wake ungeshuka kutoka dola milioni 5 hadi 4, na makocha wanne wa kikosi cha ushambuliaji wakaonyeshwa mlango. Kila mmoja wao alikuwa amepoteza kwa tofauti ileile aliyopoteza bosi wake, lakini uchupuchupu, kama unavyoona, hunufaisha kuanzia juu.

Hiyo ndiyo siri ya fani nzima, na ndiyo sababu nakusihi usiidharau. Kipigo kikubwa husema ukweli, na ukweli hutaka hatua. Kipigo kidogo huleta subira. Kila mtu akitoka uwanjani anakuwa na teke lake moja la kulilaumu, pasi yake moja, mwamuzi wake mmoja, na hakuna anayelazimika kuuliza timu inaendeshwaje. Pointi tatu zinaweza kumnunulia mtu mwaka mzima kazini.

Hatua ya sita: iite bahati

Watakuja wataalamu wa takwimu. Watakwambia kwamba michezo ya tofauti ya shambulizi moja inafanana na kurusha shilingi, kwamba timu iliyopoteza mingi mwaka huu itashinda mingi mwakani, na kwamba 2022 utakuwa mwaka wako. Wakaribishe chai. Hawa ni rafiki zako. Usiwaonyeshe tu kumbukumbu za miaka iliyotangulia, maana Frost alipoondoka alikuwa amecheza michezo 27 ya aina hiyo akiwa na Nebraska, na kushinda 5. Shilingi inayoanguka upande mmoja mara 22 kati ya 27 si shilingi tena. Imenolewa. Imenolewa na teke lisilofanyiwa mazoezi, na mpira unaodondoshwa pale pasipofaa, na vijana kumi wanaokimbilia kulia.

Hatua ya saba: rudia, kisha ajiri mwingine arudie

Dublin ilikuja Agosti 2022. Mpinzani, Northwestern, waleee wa 56 kwa 7. Nebraska iliongoza 28 kwa 17. Wengine wangepiga mpira mbali na kulinda pointi zao kumi na moja. Frost aliagiza teke fupi la hila ili ajinyakulie tena mpira. Northwestern wakaudaka wao, wakafunga, na mwisho wakashinda 31 kwa 28. Msimu ule Northwestern walicheza michezo 12. Huo ndio pekee walioshinda.

Majuma mawili baadaye Georgia Southern, chuo kilichoalikwa Lincoln kwa matarajio ya ushindi rahisi, kiliondoka na 45 kwa 42, na kesho yake Frost akafutwa kazi. Fidia yake ilikuwa dola milioni 15 hivi. Kwa mkataba uliorekebishwa, ingeshuka hadi nusu kuanzia Oktoba 1, wiki tatu mbele. Chuo kilichostahimili vipigo 22 vya chupuchupu hakikuweza kustahimili wiki tatu. Kila mtu ana kikomo chake.

Ukiajiri kocha mpya, hakikisha anakuta mila zimeshaota mizizi. Matt Rhule alifungua 2023 kwa kufungwa na Minnesota 13 kwa 10, teke la mwisho la mchezo. Baadaye alifikisha ushindi 5, akabakiza mmoja tu ili afuzu kucheza mchezo wa baada ya msimu, na michezo minne mkononi. Akapoteza yote minne: 20 kwa 17, 13 kwa 10, 24 kwa 17 katika muda wa nyongeza, na 13 kwa 10 tena, hii ya Iowa, teke la sekunde za mwisho. Mwaka 2024 Iowa wakarudia 13 kwa 10, teke la sekunde za mwisho. Ukiona hata ubao wa matokeo umekariri, ujue shule imesimama.

Tahadhari: ukijikuta umeshinda

Hutokea hata kwa mabingwa. Usifadhaike, na usijaribu kuirekebisha hali kwa pupa. Desemba 2024 Nebraska ilifika hatimaye kwenye mchezo wa baada ya msimu, Pinstripe Bowl, kwenye Yankee Stadium mjini New York, dhidi ya Boston College. Ilikuwa haijashinda mchezo wa namna hiyo tangu msimu wa 2015. Iliongoza 20 kwa 2, na wasioijua timu wakaanza kutafuta magari ya kurudi hotelini. Waijuao walibaki vitini. Robo ya nne Boston College wakafunga, wakafunga tena, 20 kwa 15, na jimbo zima la mahindi likasimama mbele ya runinga likitambua harufu ya nyumbani.

Saa ikaisha mapema mno. Baada ya miaka yote ya mazoezi, siku hiyo Nebraska ilishindwa, kwa pointi tano tu, kushindwa.